Maradhi hupanda lori na nyanya, tiba hubaki mjini

MALORI ya nyanya kutoka Iringa, viazi kutoka Njombe na vitunguu kutoka Singida huingia Ilala usiku. Kabla jua halijachomoza mzigo umeshashushwa na kuanza kusambaa mitaani. Wapakuzi, madalali, wasukuma mikokoteni na mama lishe wameshapeana mikono, hela na vikombe vya chai wakati wakazi wengi wa jiji wangali usingizini.

Huo ndio mnyororo unaomlisha mkazi wa Dar es Salaam na kumpatia mkulima fedha. Bahati mbaya, ugonjwa wa mlipuko nao hupita njia hiyo hiyo, kwenda na kurudi. Maradhi hupanda lori hadi kijijini, ilhali daktari bingwa na mashine ya kusaidia kupumua hubaki mjini.

Ndiyo maana wataalamu husema ugonjwa hauchagui tajiri wala maskini katika kuambukiza, lakini vifo huchagua.

Kariakoo yenyewe imebeba historia hiyo katika jina lake. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza kilichokuwa na kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wengi waliokufa katika vita hiyo hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, malaria na lishe duni.

Vita ilipomalizika Novemba 1918, mafua makali yaliyokuwa yakiizunguka dunia yalikuwa yameshaingia Afrika Mashariki kwa njia ya bandari na reli. Huko Ugogo yaliwakuta watu ambao tayari walikuwa wamenyang'anywa ng'ombe na nafaka kwa ajili ya kulisha majeshi, na mvua nazo zikawa zimekosekana. Njaa ya miaka hiyo, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000. Aliyepokonywa ghala hakuwa na nguvu ya kupambana na homa.

Hali haikuwa tofauti kwingineko duniani. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Christopher Murray walichapisha katika jarida la Lancet hesabu za vifo vya mafua ya 1918 hadi 1920. Walibaini kuwa kiwango cha vifo kilitofautiana kwa zaidi ya mara 30 baina ya nchi, na kwamba kipato cha watu kilieleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Walikadiria kuwa mafua kama yale yangezuka upya, kwa idadi ya watu ya mwaka 2004, yangeua watu milioni 62, na asilimia 96 kati yao wangekuwa katika nchi zinazoendelea.

Mfanyabiashara wa Ilala hahitaji kurudi mwaka 1918 ili kulielewa jambo hili. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Hadi mwishoni mwa 2016 wagonjwa walikuwa zaidi ya 20,000 na waliokufa zaidi ya 300. Huu ni ugonjwa ambao mgonjwa akiwahi kupewa maji ya chumvichumvi au dripu, uwezekano wa kufa ni chini ya mmoja kwa 100. Asipotibiwa anaweza kufa katika muda wa saa chache. Kwa hiyo umbali wa kituo cha afya na nauli iliyomo mfukoni ndivyo vinavyoamua.

Machi 2020 ilikuja corona. Shule zilifungwa lakini Serikali iliacha masoko wazi, kwa hoja kwamba uchumi usisimame. Soko likifunguliwa, mchuuzi huambukizwa. Likifungwa, watoto hulala njaa, kwani mtaji wake ni wa kutwa moja. Chanjo nazo zilifuata uwezo wa nchi. Uingereza ilianza kuchanja Desemba 2020, wakati shehena ya kwanza ya dozi zaidi ya milioni moja ilifika Dar es Salaam Julai 2021.

Ndani ya nchi pia pengo ni kubwa. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 26.4. Dar es Salaam ulikuwa asilimia 8, lakini Rukwa ulifikia asilimia 45. Mkulima wa Rukwa anayezidiwa kwa homa ya mapafu na mfanyabiashara wa Upanga, anayeishi jirani na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, hawana nafasi sawa ya kupona hata kama wameambukizwa siku moja.

Hata hivyo, kuwa karibu na hospitali si kuwa na uwezo wa kuitumia. Mbeba mizigo wa Kariakoo aliyepanga chumba kimoja na wenzake wanne, wanaochangia bomba na choo na nyumba nzima, yumo jijini lakini hatari yake inakaribia ile ya kijijini.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Sheria hiyo itamfaa mkulima pale tu zahanati ya kijiji itakapokuwa na dawa, na hospitali ya mkoa itakapokuwa na oksijeni. Kwa upande wao, wakulima na wachuuzi wanaweza kuanza na lililo ndani ya uwezo wao: kikundi cha kuweka na kukopa kitenge mfuko wa ugonjwa, viongozi wa soko wabanwe kuhusu maji na vyoo vinavyolipiwa na ushuru, na debe la akiba libaki ghalani badala ya kuuza mavuno yote kwa dalali.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ugonjwa ukibisha hodi, akiba hiyo ndiyo nauli ya kwenda hospitali.