Mikono ya Papwa

Anayepiga kwa mkono wa kulia hufundishwa gofu hivi: shika fimbo, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Ndivyo makedi wakubwa walivyonionyesha nilipokuwa nikiwabebea wachezaji mifuko, na ndivyo ninavyowaonyesha wanafunzi wangu leo. Sewsunker Sewgolum wa Durban, ambaye watu walimwita Papwa, alishika kinyume kabisa: kulia juu, kushoto chini. Kwa mshiko huo alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara tatu, 1959, 1960 na 1964.

Alikuwa Mhindi maskini katika Afrika Kusini ya makaburu, hakujua kusoma wala kuandika. Alianza kama kedi katika klabu ya Beachwood, akajifunza mwenyewe. Aliyemfikisha Ulaya ni Graham Wulff, mfanyabiashara aliyebuni mafuta ya ngozi ya Oil of Olay, ambaye Papwa alikuwa akimbebea mifuko.

Wengi wakimtaja leo huitaja mvua. Mwaka 1963, katika klabu ya Durban Country Club, alimshinda mchezaji mwenzake Harold Henning na kutwaa mashindano ya Natal Open. Sheria za ubaguzi hazikumruhusu asiye mzungu kuingia jengo la klabu kama mgeni, kwa hiyo bingwa alipokea kombe nje, akilowa, huku wenzake aliowashinda wakiwa ndani. Picha ile ilizunguka dunia na kuchochea kususiwa kwa michezo ya Afrika Kusini. Ni haki ikumbukwe. Lakini inaniuma kuona mtu aliyecheza gofu ya kiwango kile akibaki katika fikra za watu kama mtu aliyenyeshewa.

Tazama alichofanya mwaka 1965. Alirudi Natal Open na kumshinda Gary Player, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshinda mashindano ya British Open, Masters na PGA ya Marekani. Kumshinda Player nyumbani kwao halikuwa jambo la bahati. Mpira haujui mkono upi uko juu. Unachojua ni uso wa fimbo ulielekea wapi ulipougusa, fimbo ilipita njia gani, na kwa kasi gani. Papwa aliyapatanisha hayo matatu kwa namna yake, tena akiwa mchezaji aliyehitaji kibali cha serikali ili tu ashindane na wazungu.

Baada ya ushindi huo serikali ilimfungia mashindano makubwa ya nchini, kisha ikamnyima pasipoti. Mchezaji wa kulipwa asiyeruhusiwa kushindana nyumbani wala kusafiri hana kazi. Alifariki mwaka 1978. Sasa uwanja mmoja wa gofu wa Durban unaitwa kwa jina lake.

Akinijia mwanafunzi aliyeshika fimbo kinyume, simgusi mikono. Namwekea mipira kwanza, apige, nione inaangukia wapi.