Bingwa wa Kuchimba Bitcoin Nyumbani Hupimwa kwa LUKU

Kwenye matangazo ya mashine za kuchimba bitcoin, kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni terahashi: mashine inakisia namba mara trilioni ngapi kwa sekunde. Shusha jicho hadi palipoandikwa jouli kwa terahashi. Hapo ndipo unapoona makisio hayo yanakula umeme kiasi gani, na kwa anayenunua uniti za LUKU, umeme wa malipo ya kabla, kwa simu, faida inapatikana au inapotea hapo hapo.

Tukubaliane kwanza hesabu, maana rekodi zote zinazofuata nimezipima kwayo. Uniti, yaani kilowati-saa moja, ni shilingi 356, bei ya mteja wa kawaida wa nyumbani Tanzania, kodi ikiwemo. Dola tuiweke shilingi 2,500 na bitcoin moja dola 100,000. Mtandao mzima wa wachimbaji tuupe kasi ya terahashi bilioni 1, kiwango ulichokivuka mwaka 2025. Tangu Aprili 20, 2024, kila bloku, yaani kila fungu la miamala linalofungwa na mchimbaji aliyepatia, inalipa bitcoin 3.125, na bloku hupatikana kila baada ya dakika 10 hivi, sawa na bitcoin 450 kwa siku. Zigawe kwa mtandao wote: kila terahashi inaleta shilingi 112 kwa siku. Kwa bei hiyo ya umeme, mashine inayokula zaidi ya jouli 13 kwa terahashi inakutia hasara. Huo ndio mstari.

Mashine ya kwanza kabisa iliyoundwa kwa chipu za kuchimba bitcoin tu na kumfikia mteja ilikuwa Avalon, iliyomfikia mtaalamu wa programu Jeff Garzik huko Marekani Januari 2013. Kasi yake ilikuwa gigahashi 66 hivi, na ilikula zaidi ya wati 600. Wakati huo ilikuwa maajabu. Leo kifaa kinachoenea kiganjani kinaipita mara 18.

Iliyodumu kuliko nyingine ni Antminer S9 ya kampuni ya Bitmain, ya mwaka 2016. Ina terahashi 13.5 na wati 1,350 hivi, na ndiyo utakayotajiwa ukiulizia mashine ya mtumba. Bei yake inavutia, na hapo ndipo watu wanapoumia. S9 inakula karibu jouli 100 kwa terahashi. Kwa siku itakuletea shilingi 1,500 na kukulia umeme wa shilingi 11,500. Hata ukipewa bure, kila asubuhi umeshatoa shilingi 10,000 mfukoni. Sipendi kuona kijana akikopa kwa ajili ya mashine hii kwa sababu kaambiwa “bado inachimba”. Ni kweli inachimba, ila kinachotoka hakilipi umeme.

Kati ya zinazopozwa kwa feni, Antminer S21 XP inausogelea sana mstari wetu: terahashi 270, wati 3,645, jouli 13.5. Mapato ya siku ni shilingi 30,400 na umeme ni shilingi 31,100. Imekosa padogo sana, na bitcoin ikipanda kidogo tu inavuka. Ila itazame ikiwa ndani ya nyumba. Soketi ya ukutani ya ampea 13, kwa voti 230, inabeba wati 2,990 tu. Mashine hii inataka karibu ampea 16 saa 24 bila kupumzika, kwa hiyo inahitaji waya mnene na swichi yake kutoka kwenye bodi ya umeme, kazi ya fundi mwenye leseni. Ukiichomeka kwenye ekstensheni, plagi itaanza kuyeyuka. Kelele yake ni desibeli 75 hivi, usiku na mchana, na umeme wote inaokula unageuka joto ndani ya chumba. Kwa Dar es Salaam au Mombasa hapo utaongeza na bili ya kiyoyozi.

Rekodi ya kubana umeme iliyotangazwa na Bitmain mwaka 2025 ni ya S23 Hydro: jouli 9.5, terahashi 580. Hii inavuka mstari waziwazi, na kwa hesabu yetu inabakiza shilingi 18,000 kwa siku baada ya umeme. Lakini inapozwa kwa maji yanayozungushwa kwa pampu hadi kwenye rejeta ya nje, na bei yake ni ya kununuliwa na kiwanda, si na mtu wa nyumbani.

Zilizotengenezwa kwa ajili ya sebuleni ni nyingine. Kampuni ya Canaan ina Avalon Mini 3, hita ya wati 800 inayochimba terahashi 37.5. Ndugu zetu walioko Toronto au Oslo, ambao wangewasha hita hata hivyo, wana sababu nzuri ya kuitaka, maana joto ni lile lile na bitcoin inakuja juu yake. Nano 3S ni ndogo zaidi: terahashi 6 kwa wati 140. Kwa mwezi inakula uniti 100. Kama uko kwenye kundi la wateja wadogo wanaouziwa uniti kwa bei nafuu kwa kuwa hawavuki 75 kwa mwezi, kifaa hiki peke yake kinakutoa humo.

Mashine ninayoipenda ni Bitaxe. Ni bodi moja ya kielektroniki, feni moja ndogo na kioo cha kusomea kasi, na inaungwa kwa Wi-Fi. Toleo la Gamma lina chipu moja tu, ile ile ya Antminer S21 Pro, na linatoa terahashi 1.2 kwa wati 18 hivi. Michoro yake iko wazi, fundi yeyote anaweza kuiunda. Umeme wa siku ni shilingi 154, mapato shilingi 135. Wengi huitumia kuchimba peke yao, wakiwania bloku nzima. Kwa kasi hiyo, wastani ni bloku moja kwa miaka 15,800. Julai 2024 mwenye Bitaxe mmoja aliipata, naye huyo ana haki ya kushangilia. Wewe inunue kwa ajili ya kujifunza.

Faida ya kweli katika ukanda wetu iko mahali ambapo mstari wenyewe umesogezwa. Uniti ikishuka kwa nusu, mstari unapanda hadi jouli 26. Ndiyo maana Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza kuchimba mwaka 2020 kwa maji ya mto kule Luviro, utalii ukiwa umekatika kwa vita na maradhi. Nchini Kenya kampuni ya Gridless, iliyoanzishwa mwaka 2022, inanunua umeme wa ziada wa mitambo midogo ya maji vijijini. Mahitaji ya wanakijiji yakipanda, mashine zinapunguzwa kasi au kuzimwa kutoka mbali, umeme ukaenda majumbani.