Vitamini A ni ngao ya utumbo wa mtoto

WENGI hujua kwamba vitamini A huimarisha macho. Wasilolijua ni kwamba hulinda utumbo pia.

Ukuta wa ndani wa utumbo hujengwa upya kila baada ya siku chache. Vitamini A huziwezesha seli mpya kukomaa na kutoa ute unaonasa viini vya maradhi. Aidha, mwili huigeuza kuwa asidi ya retinoiki, inayoziongoza chembe nyeupe za damu kwenda kushika doria utumboni.

Inapopungua, viini hupenya kwa urahisi na mtoto huharisha. Kuhara nako hupunguza zaidi akiba ya vitamini hiyo mwilini.

Utafiti uliofanywa Aceh, Indonesia, na kuchapishwa 1986 ulionyesha kuwa vifo vya watoto vilipungua kwa takriban thuluthi moja katika vijiji vilivyopewa vitamini A.

Nchini Kenya, mtoto hupewa dozi ya kwanza kliniki akiwa na miezi 6, kisha kila baada ya miezi 6 hadi atimize miaka 5. Hivyo basi, mzazi asiitupe kadi ya kliniki chanjo zinapokwisha. Nyumbani, ampe mtoto maini, maembe, viazi vitamu vya rangi ya machungwa na mboga zilizotiwa mafuta kidogo, kwani vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta.