UGONJWA WA NGOZI: NI WA UKOO AU NI WA KAZI?



Mwenzetu mmoja, ambaye mikono yake ilikuwa imepasuka hadi kutoa maji, alikwenda kwa kapita wake kuomba glavu. Mahali penyewe sitapataja. Alijibiwa hivi: "Huo ni ugonjwa wa kwenu, hata baba yako alikuwa nao. Kampuni inahusikaje?" Akarudi kazini mikono mitupu. Maneno yale yana nusu ya ukweli, na kwa nusu hiyo mtu ananyimwa haki yake. Kwa hiyo inafaa tujue ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, unatoka wapi.

Ni kweli kwamba ukurutu hufuata damu. Huko Denmark madaktari walichunguza mapacha. Kwa mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiwa na ukurutu, yule wa pili naye aliupata mara 7 hivi katika 10. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa mara 2 hivi tu katika 10. Basi urithi upo. Lakini angalieni vizuri hesabu hiyo: hata watu wawili wenye damu ileile, mara 3 katika 10 mmoja huugua na mwingine haugui. Hapo pana jambo lingine zaidi ya ukoo.

Ngozi ya juu ni kama ukuta. Seli ni matofali, na katikati yake yako mafuta yanayoyaunganisha. Iko protini iitwayo filagrini inayokaza matofali hayo, kisha huvunjika na kuwa vitu vinavyoshika maji ngozini. Maagizo ya kuitengeneza yameandikwa katika jeni, yaani chembe ya urithi, na kila mtu hupokea nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, Scotland, wakiongozwa na Irwin McLean, walionyesha kwamba nakala moja ikiharibika, ukuta hubaki na matundu. Sabuni na vumbi hupenya, askari wa mwili hukimbilia pale kupigana, ngozi ikawaka na kuwasha. Mtu akijikuna, anabomoa ukuta zaidi.

Karibu mzungu 1 katika 10 wa Ulaya ana kasoro hiyo. Je, sisi? Wagonjwa wa Ethiopia walipochunguzwa, taarifa ikatolewa mwaka 2011, kasoro za namna hiyo zilikuwa adimu sana. Kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, taarifa ya mwaka 2014, hazikuonekana. Na ukurutu wanao! Maana yake ni kwamba urithi wa Mwafrika umo zaidi katika jeni nyingine, na zinazojulikana kuhusika na ugonjwa huu zimepita 30; nyingi zinaongoza askari wale wa mwili. Utafiti mwingi umefanywa kwa wazungu, na kwa maoni yangu hilo ni deni tunalodai.

Sasa tuje kazini. Rusizi tuna saruji, tuna chai, tuna mpunga wa bonde la Bugarama. Saruji mbichi huunguza ngozi kama chokaa, tena ndani yake kuna kromu. Mwili ukishaizoea vibaya kromu hiyo, kwa kawaida huikataa maisha yote, hata kwa mtu ambaye ukoo wake haujawahi kuona ukurutu. Ulaya imekataza tangu mwaka 2005 saruji yenye zaidi ya sehemu 2 za kromu hiyo katika milioni. Viwanda huongeza chumvi ya chuma ili kuituliza. Maji nayo, ya umande kwenye majani ya chai au ya shambani kwenye mpunga, yakikaa mikononi kutwa nzima huondoa mafuta ya ngozi. Mwenye ukuta dhaifu wa kurithi ndiye anayeanza kuumia, na kwa hiyo ndiye anayestahili glavu kwanza.

Dalili moja ya kutazama: je, mikono hupata nafuu wakati wa likizo na kuchafuka tena ukirudi kazini? Andika tarehe. Kwenye ngozi yetu usitafute wekundu kama vitabu vinavyosema. Tafuta weusi au rangi ya majivu, ngozi nene, vipele vidogo. Ukurutu hauambukizi, wala si kurogwa. Mwacheni mwenzenu ale nanyi sahani moja. Nyumba nzima ikijikuna usiku, hiyo huenda ni upele, nao una dawa yake.

Osha saruji mara moja, jipake vazelini kila unaponawa. Msinunue sokoni zile krimu za kujichubua: nyingine zina klobetasoli, dawa kali inayofanya ngozi kuwa nyembamba ikitumiwa ovyo.

Kituo cha afya mwambie mganga kazi unayofanya na vitu unavyoshika, umwombe aandike hayo kwenye karatasi. RSSB ina tawi la ajali na magonjwa ya kazini, na mchango wake, 2% ya mshahara, hulipwa na mwajiri peke yake. Nakala ya karatasi hiyo mpeni mjumbe wenu wa chama.