Seva ilionya mara 97, hakuna aliyesoma

KAMPUNI ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 460 kwa kazi ya dakika 45 tu asubuhi ya Agosti 1, 2012, ingawa kompyuta zake zenyewe zilikuwa zimetoa taarifa za hitilafu mara 97 kabla ya soko kufunguliwa. Taarifa hizo ziliwafikia wafanyakazi kwa barua pepe. Hakuna aliyezifanyia kazi.

Ukigawanya hasara hiyo, ni zaidi ya dola milioni 10 kwa kila dakika. Kampuni ambayo wakati huo ilikuwa ikishughulikia karibu asilimia 10 ya biashara yote ya hisa zilizoorodheshwa katika masoko ya Marekani ilijikuta ikihangaika kutafuta mtaji wa kuinusuru kabla wiki haijaisha.

Kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anayeendesha stoo, mishahara na mauzo yake kwa kompyuta, mkasa huu si wa wauza hisa peke yao. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Knight ilikuwa na daftari, na habari ilikuwemo. Kilichokosekana ni msomaji.

DAFTARI LENYEWE

Kompyuta kuu ya ofisi, ambayo mafundi huiita seva, ndiyo hutunza hesabu na kuzihudumia kompyuta nyingine. Mambo mengi yanayotokea ndani yake huandikwa: mtumiaji fulani ameingia, neno la siri limekataliwa, programu ya mishahara imesimama, diski imeshindwa kusomeka. Maandishi hayo huitwa kumbukumbu za matukio. Kazi yake ni ile ile ya kaunta buku la mlinzi wa getini, anayeandika nani kaingia, saa ngapi na kwa gari namba gani.

Utaratibu huu si mpya. Katika miaka ya 1980 Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitengeneza syslog kwa ajili ya programu yake ya barua pepe, Sendmail, nayo ikaenea katika seva za jamii ya Unix. Syslog hupanga matukio katika ngazi 8 za uzito, kuanzia 0 ambayo ni hatari kubwa kuliko zote, hadi 7 ambayo ni maelezo ya mafundi tu.

Mwaka 1993 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows NT ikiwa na daftari la namna hiyo lenye sehemu 3: ya mfumo wenyewe, ya usalama, na ya programu za kazi. Sehemu hizo zingali zimo katika seva za Windows hadi leo. SQL Server, hazina ya data inayobeba programu nyingi za hesabu, nayo huandika matukio yake katika sehemu hiyo ya programu za kazi.

ILIVYOTOKEA

Agosti 1, 2012, Soko la Hisa la New York lilikuwa linaanza utaratibu mpya wa kuhudumia oda za wawekezaji wadogo. Ili kushiriki, Knight ilibadilisha programu yake ya kupeleka oda sokoni, iliyoitwa SMARS, ambayo ilikuwa ikiendeshwa kwenye seva 8. Kazi ya kuweka programu mpya ilianza Julai 27. Seva 7 ziliwekewa, moja ikasahauliwa. Hapakuwa na utaratibu wa maandishi uliotaka fundi wa pili aikague kazi ya mwenzake.

Seva iliyosahauliwa ilikuwa bado na programu ya zamani, Power Peg, ambayo Knight iliacha kuitumia mwaka 2003 bila kuifuta. Kwa bahati mbaya, alama iliyochaguliwa kuamsha programu mpya ndiyo ile ile iliyokuwa ikiamsha Power Peg. Isitoshe, mwaka 2005 sehemu ya kuhesabu hisa zilizokwisha kununuliwa au kuuzwa ilikuwa imehamishwa kutoka katika Power Peg. Kwa hiyo oda ilipofika kwenye seva hiyo, programu ya zamani iliendelea kununua na kuuza bila kujua kwamba oda imekwisha kutimizwa.

Kuanzia saa 2:01 asubuhi kwa saa za New York, mfumo ulianza kutuma barua pepe kwa kundi la wafanyakazi. Hadi soko linafunguliwa saa 3:30, barua zilikuwa 97. Ziliitaja SMARS kwa jina, zikaeleza na hitilafu yenyewe: Power Peg imezimwa. Tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, SEC, ilieleza baadaye kwamba barua hizo hazikuwa zimepangwa kuwa hadhari rasmi, na kwamba kwa kawaida wafanyakazi hawakuwa na desturi ya kuzisoma zinapoingia.

Soko lilipofunguliwa, oda 212 za wateja zilizaa miamala zaidi ya milioni 4 katika hisa za aina 154. Hisa zaidi ya milioni 397 zilibadilisha mikono. Knight ilijikuta imenunua hisa za takriban dola bilioni 3.5 katika aina 80, na imeuza hisa isizokuwa nazo za dola bilioni 3.15 katika aina 74.

Katika pilikapilika hizo mafundi waliondoa programu mpya kwenye zile seva 7 zilizokuwa salama, wakidhani ndiyo yenye kasoro. Hatua hiyo iliongeza moto, kwa sababu Power Peg ilikuwemo katika seva hizo pia, nayo ikaamka.

Katika siku 2, bei ya hisa za Knight yenyewe ilianguka kwa karibu robo tatu. Agosti 6 wawekezaji waliiokoa kwa dola milioni 400. Julai 2013 iliunganishwa na kampuni ya GETCO na kuwa KCG, ambayo nayo ilinunuliwa na Virtu Financial mwaka 2017. Oktoba 2013 SEC iliitoza Knight faini ya dola milioni 12.

KUANDIKA SI KUSOMA

Hata seva ya ofisi ya wastani inaweza kuandika maelfu ya mistari kwa siku. Mingi ni ya kawaida: huduma imeanza, nakala ya data imekamilika, mtumiaji ameingia. Kumwajiri mtu aisome yote ni kupoteza mshahara, kwani siku ya tatu atakuwa anapitisha macho tu. Kuituma yote kwa barua pepe ni vibaya zaidi, maana watu huzoea kelele. Dawa ni kuchekecha, ili machache yenye uzito ndiyo yamfikie mtu.

Kwa seva za Windows kila aina ya tukio ina namba yake, na baadhi ya namba hizo zinamhusu mwenye mali kuliko fundi. Namba 4625 ina maana mtu amejaribu kuingia akashindwa. Ikitokea mara moja saa 2 asubuhi, huenda karani kasahau neno lake la siri. Ikitokea mara 200 saa 8 usiku, kuna mtu anabisha hodi. Namba 1102 ina maana daftari la usalama limefutwa, na mwenye mali ana haki ya kumjua aliyelifuta na sababu yake.

Namba 6008 huonyesha kwamba seva ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu, na umeme unapokatika mara kwa mara hiyo ni dalili kwamba betri za akiba zimechoka. Namba 7034 husema huduma fulani imekufa ghafla. Kwa SQL Server, kosa namba 9002 maana yake daftari la miamala limejaa. Hapo ankara mpya haiingii hata mteja akiwa amesimama kaunta na fedha mkononi.

Lipo pia suala la muda. Isipobadilishwa, sehemu ya programu za kazi katika seva ya Windows hupewa nafasi ya megabaiti 20 tu, na ikijaa matukio mapya huandikwa juu ya yale ya zamani. Mkaguzi anayekuja baada ya miezi 6 kufuatilia wizi wa Machi anaweza kukuta kumbukumbu za wiki chache tu. Tiba yake ni kuongeza nafasi na kupeleka nakala ya matukio kwenye mashine nyingine, ambayo msimamizi wa seva hana ruhusa ya kuifuta. Saa za mashine zote nazo zilingane, la sivyo haitajulikana tukio lipi lilitangulia.

Gharama ya vifaa si kubwa. Uwezo wa kukusanya matukio ya mashine nyingi mahali pamoja umo ndani ya Windows Server tangu toleo la mwaka 2008, na kwa upande wa Linux rsyslog hupatikana bure. Gharama halisi ni ya mtu.

MWENYE AMRI NI NANI?

Tangu barua ya kwanza hadi soko kufunguliwa, Knight ilikuwa na dakika 89. Muda huo ulitosha kwa mtu mmoja kuuliza kwa nini programu iliyostaafu miaka 9 iliyopita inatajwa asubuhi hiyo. Lakini kuuliza pekee kusingetosha kama muulizaji hana amri ya kusema oda zisitoke mpaka jibu lipatikane. Karani anayeogopa kumwamsha bosi usiku ni sawa na kutokuwa na karani.

Mwenye kampuni hahitaji kuwa fundi ili kujilinda. Jumatatu asubuhi amwite msimamizi wa kompyuta zake na kumwuliza maswali 3: nani aliyesoma daftari la seva wiki iliyopita, matukio ya miezi 6 iliyopita yanapatikana wapi, na nani ana ruhusa ya kusimamisha mfumo bila kusubiri kikao. Jibu la swali la kwanza liwe jina la mtu. Likiwa ni jina la programu, kazi bado haijaanza.