Walioipa Uhai Njia ya Bandarini

Ukitoka Ngomeni, Mombasa, ukashika njia ya kwenda Bandari ya Kale, unapita njia yenye jina la Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani. Zamani za Waingereza iliitwa kwa jina la Vasco da Gama, yule Mreno aliyefika hapa mwaka 1498 na asione makaribisho mema. (Heri lilivyoondolewa!) Lakini walioipa njia hii uhai hawakuandikwa ukutani, nao ndio niwatakao leo.

Riziki yao ilitoka baharini. Kaskazi ikivuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi na tende, chumvi na mazulia. Kusi ikiingia, yalirudi na boriti za mikoko ya Lamu. Baina ya pepo mbili hizo manahodha na mabaharia walijaa mjini, na kila mwenye kazi ya mkono alipata. Mahamali wa Kishihiri walipandisha magunia kutoka forodhani. Sonara alipima pete, Mbohora akauza misumari na kamba, mshonaji akashona kanzu za safari. Muuza kahawa alipita na dele lake akigonganisha vikombe. Nasi chuoni, katika miaka ya sabini, macho yakiwa juzuuni, masikio yalimfuata mpaka apinde kona.

Wengi husema vijana ndio walioziacha kazi hizo. Mimi sikubali. Meli kubwa zilikuwa zimekwisha hamia Kilindini zamani, na bado njia hii iliishi. Kilichoivunja mgongo ni shehena ya kurudia. Mwaka 1982 serikali ilikataza boriti kuuzwa ng'ambo, mikoko isimalizike. Sababu ilikuwa njema, wala siilaumu. Lakini nahodha hawezi kurudi Ghuba na jahazi tupu. Alipokosa kuja, hamali alikosa mzigo, na baada ya hamali, sonara.

Leo mengi ya maduka hayo huwauzia watalii vinyago na shanga. Msikiti wa Mandhry, usemwao kuwa wa mwaka 1570, ungali unasaliwa, na muuza kahawa yungaliko.

Nimeanza kuyaandika majina ya waliotutangulia, Mola awarehemu, mlango kwa mlango, nikiwauliza kina bibi wa ghorofani. Nimefika msikitini. Upande wa pili wa njia ipo milango minne ambayo sijapata wa kunitajia wenyewe.