Uongozi wa muda ni amana kamili
Nasaha kwa familia ambazo kijana wao ameitwa kushika nafasi ya usimamizi kwa miezi michache

Enguserosambu ni kata ya nyanda za juu katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, jirani na mpaka wa Kenya. Wakazi wake wengi ni wafugaji wa Kimasai, na msitu wao unatunzwa na wananchi wenyewe. Anayetoka huko kwenda Arusha kutafuta kazi humaliza siku nzima barabarani. Basi kijana aliyesomeshwa kwa kuuzwa mifugo, akahitimu uhasibu, uongozi wa hoteli au usimamizi wa miradi, kisha akarudi nyumbani na habari kwamba ameitwa kuwa meneja kwa miezi minne tu, ukoo mzima huketi kikao. Wapo watakaouliza, kazi ya miezi minne ni kazi gani? Wapo watakaosema kwamba riziki haikataliwi kwa udogo wake.

Swali hili haliko Enguserosambu peke yake. Liko Karatu, liko Tanga, liko Unguja, na wiki hii tumeona tulizungumze katika kurasa za familia kwa sababu uamuzi wake humgusa mama, baba, mke, mume na watoto kabla ya kumgusa mwajiri.

Dini yetu inaijua kazi ya muda

Wapo wanaodhani kuwa cheo cha kushikilia ni cheo cha kudharauliwa. Tukirejea katika Qur'an Tukufu tutaona kinyume chake. Nabii Musa (a.s.) alipokwenda kwenye miadi ya Mola wake, alimwachia ndugu yake Harun (a.s.) watu wake, akamtaka atengeneze mambo na asifuate njia ya waharibifu. Habari hiyo imo katika Surat Al-A'raf, aya ya 142. Harun alikuwa kaimu, na muda wake ulikuwa na mwisho unaojulikana, lakini mtihani uliomfika ndani ya muda huo mfupi, wa watu kuabudu ndama, haukuwa mdogo. Tunajifunza kwamba ufupi wa muda haupunguzi uzito wa dhamana.

Musa mwenyewe aliwahi kuajiriwa kwa mkataba wenye muda. Katika Surat Al-Qasas, aya ya 26 hadi ya 28, binti wa mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Mzee akataja ujira, akataja muda wa miaka 8, na akasema kuwa ikitimizwa 10 hiyo itakuwa hiari ya Musa. Musa naye akaweka wazi kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili atakaoumaliza, asidhulumiwe, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi wa makubaliano. Muda, ujira, hiari na shahidi: hayo ndiyo mambo ambayo vijana wetu wengi hawayaulizi wanapoitwa kazini.

Tazama pia vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria. Mtume (s.a.w.) aliteua makamanda watatu wa kufuatana, na wote wakapata shahada. Hapakuwa na wa nne aliyeteuliwa. Waislamu wakakubaliana juu ya Khalid bin Walid (r.a.), akaishika bendera, akalitoa jeshi katika hatari na kulirudisha Madina. Hiyo ndiyo kazi ya kiongozi wa mpito: kukiokoa chombo kisizame, kisha kukikabidhi.

Nafasi hizi hupatikana wapi?

Kwa mtu wa Ngorongoro na Karatu, mlango wa karibu ni utalii. Nyumbu hufika kaskazini mwa Serengeti, upande wa Mto Mara, takriban kati ya Julai na Oktoba, na huwa kusini, maeneo ya Ndutu, katika miezi ya mwanzo wa mwaka wanapozaa. Zipo kambi zinazohama kuwafuata, na zipo zinazofungwa wakati wa masika ya Aprili na Mei. Kambi na hoteli za porini huhitaji mameneja wa msimu, na huhitaji pia watu wa kushika nafasi wakati meneja wa kudumu anapokwenda likizo. Anayesubiri Julai ndipo aandike barua amechelewa. Maombi yanafaa kufika kwenye ofisi za kampuni, ambazo nyingi ziko Arusha, kabla masika hayajaisha.

Mlango wa pili ni wa umma. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliajiri kwa muda makarani, wasimamizi wa maudhui na wasimamizi wa TEHAMA, na uchaguzi mkuu huhitaji wasimamizi wa vituo. Matangazo ya namna hii hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na halmashauri, na siku hizi huwekwa katika tovuti za serikali. Aliye mbali na intaneti na awe na ndugu wa kumtazamia mjini.

Mlango wa tatu ni miradi. Mashirika ya maendeleo, shule binafsi, vyama vya ushirika na hata taasisi zetu za Kiislamu hupatwa na pengo la ghafla: mkuu wa shule amehama, mhasibu amefariki, mradi wa visima umebakiwa na mwaka mmoja. Ramadhani, Hijja na uchinjaji wa Idi ni misimu inayohitaji waratibu wenye hesabu safi. Kijana aliyeratibu futari za msikiti wake na kuonyesha risiti zote tayari ana ushahidi wa kazi wa kuandika katika wasifu wake.

Katika milango yote hii, jambo linalotafutwa ni moja. Mwajiri wa kudumu huweza kumfundisha mtu taratibu, ila mwenye pengo hana muda huo. Anataka aliyekwisha kufanya. Kwa hiyo wasifu wa mwombaji utaje matokeo kwa uwazi: aliongoza watu wangapi, alisimamia bajeti ya kiasi gani, alikuta nini na aliacha nini. Aweke pia wadhamini wawili wanaopatikana kwa simu siku hiyohiyo.

Tahadhari ya rushwa na utapeli

Anayedai pesa ya fomu, ya usaili au ya "kumshika mkono bosi" asipewe. Wakala halali wa ajira nchini husajiliwa na serikali, na gharama ya huduma yake hatakiwi kumtoza mtafuta kazi. Na ikiwa ni kweli kazi ipo na pesa inatakiwa ili ipatikane, basi hiyo ni rushwa, na Mtume (s.a.w.) amemlaani anayetoa na anayepokea. Hakuna baraka katika mshahara ulioanza kwa laana.

Mkataba usainiwe kwa macho

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi, na inautambua pia mkataba wa kazi maalumu. Kanuni za mwaka 2017 ziliweka kwamba mkataba wa muda maalumu kwa kada hizo usipungue miezi 12. Kwa sababu hiyo, anayeitwa kwa miezi minne aulize mkataba wake umeandikwa kwa msingi upi. Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi: aina ya kazi, siku ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na ujira. Kwa kawaida mkataba wa muda humalizika wenyewe muda wake unapotimia, lakini mfanyakazi aliyepewa sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa ana haki ya kusikilizwa. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Kwa watumishi wa umma, kukaimu nafasi iliyo wazi hakutarajiwi kuzidi miezi 6. Na kwa wote, michango ya hifadhi ya jamii ifuatiliwe mwezi kwa mwezi. NSSF ina fao la kukosa ajira, ambalo mtaalamu aliyechangia miezi isiyopungua 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Mwenye kazi za vipande vipande ndiye hasa anayepaswa kuilinda michango hiyo isipotee.

Swali la halali

Hapa ndipo kikao cha familia kinapokuwa kizito. Kambi nyingi za kitalii huuza pombe, na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amewataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, akiwemo muuzaji, mbebaji na mnywishaji. Meneja mkuu wa kambi ndiye huagiza shehena na kukagua hesabu ya baa. Hatuwezi kumwambia Muislamu kuwa hilo si lake. Zipo hata hivyo nafasi za usimamizi zisizogusa baa: karakana na magari, ujenzi, rasilimali watu, ugavi wa maji na umeme. Aulize kabla ya kusaini, kwa lugha ya adabu, majukumu yake yanaishia wapi, na amwendee mwanachuoni anayemwamini amweleze hali ilivyo. Aulize pia juu ya sala ya Ijumaa na funga ya Ramadhani. Kwa binti, wazazi waulize makazi yake yakoje na anasafiri na nani. Mwajiri mwaminifu haudhiki kwa maswali hayo.

Nyumbani, kabla ya mshahara wa kwanza

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, walishuka hadi kiasi cha 620,000. Kambi zilifungwa, na wenye mikataba mifupi walikuwa miongoni mwa wepesi kuachwa. Nyumba iliyokuwa imehesabu mshahara wa miezi minne kana kwamba ni wa miaka minne ilijikuta mikono mitupu.

Basi na ikubaliwe mapema: mshahara wa muda ugawiwe kwa miezi ya kazi pamoja na miezi ya kusubiri. Kijana asisukumwe kulisha ukoo mzima kwa sababu tu ameitwa meneja. Asichukue mkopo wa miaka mitatu kwa dhamana ya mkataba wa miezi minane, na wenye riba ndio asiukaribie kabisa. Mifugo iliyobaki isiuzwe kwa matumaini ya mkataba wa pili ambao haujaandikwa.

Kuondoka vizuri

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Meneja wa muda ni mgeni wa namna hiyo. Asifukuze watu wala kubadili kila kitu ili aonekane. Asikie kwanza, arekebishe kilichoharibika, na tangu wiki ya kwanza aandike taarifa ya makabidhiano: mali zilizopo, madeni, mikataba, funguo, mambo yaliyobaki. Siku ya mwisho asaini na anayempokea, achukue cheti cha utumishi ambacho ni haki yake kisheria, na aombe barua ya kumtambulisha. Kwa wenye kazi hizi, kazi inayofuata mara nyingi huletwa na jina lililoachwa katika kazi iliyopita.

Tunawaomba wazazi wa Enguserosambu na kwingineko wasimdharau mtoto wao aliyeitwa kwa muda mfupi. Wamuulize mkataba wake, wamuulize halali yake, wamwekee akiba, kisha wamwombee dua. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) awaruzuku vijana wetu kazi za halali, awape nguvu na uaminifu, na awajaalie warejeshe amana kwa wenyewe zikiwa kamili. Amin.